Tuulizwe Mchoro Ukiwa Bado wa Penseli

Jijini Dar es Salaam alama ya X ukutani ina rangi mbili, na kila rangi ina hukumu yake. X ya kijani humwambia mwenye nyumba kwamba barabara imemfuata alipo, hivyo atalipwa fidia. X nyekundu humwambia kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara, kwa hiyo avunje aondoke. Anayepaka hamalizi dakika tano kwenye nyumba moja. Mwenye nyumba anaweza kuishi na alama hiyo kwa miaka, hajui apige plasta au aache, apangishe chumba cha uani au kikae wazi, amwambie fundi aendelee au amlipe chake aende zake.

Rangi hizo zina msingi wa kisheria. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007, pamoja na kanuni zake za 2009, ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa amejenga kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa ana haki ya fidia. Aliyemo ndani ya zile za awali hana. Barabara ya Morogoro nayo ina historia yake ya peke yake. Kwa sehemu ndefu nje ya katikati ya jiji, hifadhi yake imehesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 mamia ya nyumba kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kwa hesabu hiyo. Zilikuwemo nyumba zenye umeme na maji ya bomba, ambazo watoto walizaliwa humo wakakua. Tangu hapo, mtu wa Dar akisikia kwamba barabara ya kwao inaboreshwa, swali lake la kwanza halihusu foleni. Huuliza: mpaka mita ngapi?

Nalileta jambo hili leo kwa sababu makutano mengi ya jiji yamekuwa yakitajwa kwa miaka kuwa yatajengewa barabara za juu: Mwenge, Morocco, Magomeni, Fire, Buguruni, Tabata. Haja ipo, wala sioni mtu wa kuipinga. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na barabara kuu zinazoingia katikati ya jiji zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyewahi kukaa ndani ya daladala pale TAZARA kabla ya 2018, trafiki karuhusu upande mwingine na upande wa daladala umelala, hahitaji kuelezwa faida ya Daraja la Mfugale. Lilijengwa hapo kwa msaada wa Japani, likafunguliwa Septemba 27, 2018, likapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ubungo nako, jiwe la msingi liliwekwa Machi 20, 2017, na barabara zake za ngazi tatu zikafunguliwa Februari 24, 2021 kwa jina la Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Magari yanapita. Hilo ni jema na lisemwe wazi.

Kinachoniuma ni wakati ambao mwananchi huitwa kutoa maoni. Mradi wa makutano huanza na upembuzi yakinifu, ukafuata usanifu wa awali, kisha usanifu wa kina, ndipo zabuni itangazwe na mkandarasi apatikane. Mara nyingi mkutano mkubwa wa mtaa, ule wa viti vya kukodi na kipaza sauti, huja wakati mstari wa barabara umeshachorwa, ukubwa wa daraja umeshapigiwa hesabu na fedha zimeshaombwa kwa mchoro huo huo. Hapo mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana cha kuomba zaidi ya kalavati moja na ajira kwa vijana. Anayesimama kuuliza maji ya mvua yatakwenda wapi hujibiwa kwamba wataalamu wameliona. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanatia saini wakidhani wanathibitisha kwamba walifika. Baadaye karatasi hiyo hukaa mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa.

Naamini wasiwasi wa wakazi ni sehemu ya utaalamu wa barabara. Unastahili kuingia kwenye hesabu ya mhandisi mapema, kama vile sampuli ya udongo inavyoingia.

Tuchukue Mwenge, mahali ambapo Barabara ya Bagamoyo inakutana na Sam Nujoma. Kwenye ramani ni barabara mbili zinazokatana. Kwa miguu ni kitu kingine kabisa. Abiria wa Tegeta anayekwenda Mlimani hushuka hapa abadilishe gari. Mwanafunzi wa chuo kikuu ana daftari mkononi na simu sikioni. Mama kabeba ndoo ya dagaa kichwani, mkono mmoja unashika ndoo na wa pili unamshika mtoto. Bodaboda wanasubiri pembeni wakiwasoma washukaji nyuso. Kijana wa machungwa amepanga matunda yake mafungu mafungu juu ya gunia, hatua mbili kutoka lami, kwa sababu anajua kwamba akirudi nyuma hatua tano zaidi hauzi. Tangu kituo cha daladala cha Mwenge kihamishiwe Makumbusho, watu hawakuacha kubadilisha magari hapa. Wanabadilisha wakiwa wamesimama barabarani.

Sasa tuone jinsi hesabu ya makutano inavyofanywa. Wahesabuji hukaa kwenye kona wakiandika magari yanayopita kwa aina yake, kisha kila aina hugeuzwa kuwa kipimo kimoja, kile cha gari dogo. Gari dogo ni moja. Basi kubwa huhesabiwa mawili au zaidi, kulingana na nafasi linayochukua na uzito wake wa kuondoka taa zikiruhusu. Pikipiki ni sehemu tu ya moja. Ni njia halali ya kupima msongamano wa vyombo, nayo hutumika duniani kote. Lakini ona inachokiacha. Basi lenye abiria 60 na gari lenye mtu mmoja hupimwa kwa ukubwa wa bati, na wale watu 60 hawaandikwi popote. Mama wa ndoo ya dagaa, ambaye hana bati, asipohesabiwa kwenye fomu yake ya pembeni hayumo kabisa. Mchoro unaotoka katika hesabu hiyo utajibu vizuri sana swali la magari, kwa kuwa ndilo swali lililoulizwa. Mkazi aliyesimama mkutanini akasema, “Je, sisi tunaovuka?” hakutoka nje ya mada. Alikuwa anataja pengo lililomo katika takwimu.

Jibu la haraka la swali hilo huwa daraja la waenda kwa miguu. Linasikika kama jibu kamili, kwa hiyo tulipime. Ili malori yapite chini, sakafu ya daraja huwa juu kiasi cha mita sita hivi. Kwa ngazi za kawaida hizo ni hatua 35 hadi 40 za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji mteremko laini, na kipimo kinachotumika sana ni mita moja ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Mita sita mara 12 ni mita 72. Apande mita 72 upande huu na ashuke mita 72 upande ule, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia mikono, ndipo avuke barabara ambayo kwa usawa wa lami haifiki nusu ya urefu huo. Mjamzito, mzee mwenye magoti, mama wa ndoo ya dagaa, wote hufanya hesabu hii kimoyomoyo wakiwa wamesimama pembeni ya barabara, na wengi huishia kupita chini. Wakigongwa, gazeti huandika kwamba daraja lilikuwepo wakaacha kulitumia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikadiria vifo vya ajali za barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Bara la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu. Waenda kwa miguu hao na wenzao wa baiskeli na pikipiki ndio wanaokaa viti vya nyuma mkutanini.

Dar es Salaam yenyewe imeshaonyesha kwamba kuuliza mapema kunaokoa maisha, na imetuzwa kwa hilo. Shirika la Amend lilifanya kazi kwenye shule za msingi zilizo karibu na barabara hatari. Lilichunguza watoto wanapita wapi kwa kweli, wanavukia wapi na wanaumia wapi, kisha ndipo likaweka njia ya miguu, matuta, nguzo za kuzuia magari, alama na vivuko, na mahali pengine lango la shule likahamishiwa upande wenye utulivu. Ni vitu vya gharama ndogo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross kwa miji, dola 250,000, ikiwa imeshindana na miradi ya miji mikubwa ya dunia. Mtoto wa darasa la tatu alionyesha kwa kidole mahali anapovukia na kivuko kikawekwa hapo. Kama iliwezekana kwenye lango la shule, itashindikanaje Mwenge, penye wahandisi washauri na bajeti ya mabilioni?

Wasiwasi wa pili ni maji, na hapa wakazi hawabahatishi. Mtu aliyekaa Kigogo au Magomeni anajua kwa kumbukumbu ya mwili wake kwamba Bonde la Msimbazi hujaa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo, na tangu mabasi yaanze safari mwaka 2016 maji yameingia humo mara kwa mara, huduma ikasimama na barabara ikafungwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde hilo, ukiwa na daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana. Tunalipia mara ya pili jambo ambalo muuza mkaa wa Jangwani angelieleza bila malipo.

Makutano yana shida ile ile kwa kipimo kidogo. Ukiinua barabara lazima uijengee tuta la kupandia, na tuta huziba njia ambayo maji yalikuwa yakipita yenyewe. Lami mpya hainywi maji kama udongo ulivyokuwa ukinywa. Mtaro mkubwa wa mradi humaliza kazi yake kwenye mpaka wa mradi, hapo huyaachia maji mtaro wa mtaa wenye upana wa ndoo mbili, uliojaa chupa za plastiki. Nyumba ya kwanza kupokea ni ile iliyo chini kabisa mtaani, ambayo haikupigwa X yoyote, na ambayo kwa maana hiyo haikuitwa kwenye mkutano wowote. Mwenye nyumba huyo haingii kwenye orodha ya waathirika kwa sababu mradi haukumgusa ukuta. Masika yakifika ndipo anagundua kwamba ulimgusa.

Kuhusu fidia, watu husema mengi, nami nitashika sehemu moja ambayo haisemwi vya kutosha. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya mtu kumiliki mali na kupata fidia inayostahili mali hiyo ikichukuliwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasisitiza fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Kanuni za tathmini za 2001 zimeingia ndani zaidi: zinataja thamani ya soko ya mali, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36, gharama za kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na riba malipo yakichelewa. Zipo pia fedha za kupotewa na faida ya biashara, faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Kwa maandishi ni kanuni nzuri. Shida iko kwenye kifungu kidogo: faida hiyo ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa.

Mama lishe wa Mwenge hana hesabu zilizokaguliwa. Ana daftari la madeni lenye majina ya makondakta, sufuria nne, majiko mawili, benchi alilochongesha kwa fundi wa Sinza na wateja wanaomjua kwa sauti. Anapika wali wa watu 40 mchana na hana karatasi hata moja ya kuuonyesha. Wapo walionunua kitambulisho cha mjasiriamali mwaka 2019 kwa shilingi 20,000, wakakitundika shingoni kwa fahari, kwa kuwa kwa mara ya kwanza Serikali iliwatambua kwa kadi. Mthamini akija na fomu, kadi hiyo haina safu yake. Mpangaji wa fremu naye hali yake haiko mbali na hiyo: ukuta ni wa mwenye nyumba, na fidia ya ukuta huenda kwa mwenye ukuta.

Kisha kuna jambo ambalo kila mkazi wa makutano yanayotajwa anapaswa kulijua. Mradi ukifadhiliwa na Benki ya Dunia, masharti yake ya kijamii yanayotumika tangu Oktoba 2018 yanawatambua hata wasio na hati wala haki ya kisheria juu ya ardhi, kwa maana ya kulipwa kwa vile walivyojenga na kusaidiwa kurudisha kipato chao. Mradi ukijengwa kwa fedha zetu wenyewe, sheria ya nchi ndiyo inayoongoza, na huyo wa pembeni anaweza kuambiwa tu aondoe meza yake. Maana yake ni kwamba haki ya mama lishe yule yule, kwenye makutano yale yale, hutegemea ni nani aliyetoa mkopo. Hili halikubaliki. Utu wake haubadiliki kwa kubadilika kwa mfadhili, na nchi inayoweza kutimiza sharti hilo kwa ajili ya benki ya nje inaweza kulitimiza kwa ajili ya raia wake.

Ubungo ilitupa somo la aina yake kuhusu kipato. Siku ile ile ya Februari 24, 2021 ambayo barabara za juu zilifunguliwa, kilizinduliwa pia kituo kipya cha mabasi cha Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yakahama. Wapagazi, wauza maji, wakata tiketi, wenye magenge ya chai ya alfajiri, maisha yao yote yalikuwa yamejengwa juu ya saa za mabasi hayo. Walioweza waliyafuata. Kwa mradi wa magari Ubungo ilikuwa siku ya kukamilika, na kwa watu hao ilikuwa siku ya kuanza upya, wengine wakiwa na umri ambao si wa kuanza upya. Nani alikuwa ameandika kwenye mpango wake kwamba mambo hayo mawili yatatokea kwa pamoja na kuwapata watu wale wale?

Hapo ndipo mtu huanza kuzungushwa. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara ya mtaa inayotokea kwenye makutano ni ya TARURA. Bomba lililokatika ni la DAWASA, nguzo ni ya TANESCO, kituo cha daladala na njia zake vinaihusu LATRA, na meza ya machungwa ni suala la manispaa. Mkazi ana lalamiko moja: tangu kazi ianze, magari ya mchepuko yanapita mbele ya mlango wake usiku kucha, yamepasua bomba, na bomba limetengeneza shimo. Kwa ofisi hayo ni malalamiko matatu ya madirisha matatu. Atakwenda mwezi mzima na barua yenye mihuri, na kila dirisha litamwambia kweli kwamba jambo hilo si lake. Ndiyo maana nasema kila mradi wa makutano uwe na ofisi moja pale pale kwenye eneo, yenye mtu anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kupokea lalamiko na kulisukuma kwa wenzake, na daftari lake liwe wazi kwa serikali ya mtaa.

Vumbi na kelele sitavichambua sana, ingawa mwenye mtoto wa pumu ana haki ya kuvipa uzito kuliko yote niliyoyataja. Mkandarasi kumwaga maji mara tatu kwa siku ni jambo la mkataba na la usimamizi. Tunajua linavyofanywa, tunajua pia linavyoachwa.

Kuna pia hofu ambayo wenye magari wenyewe huwa nayo baada ya miezi michache ya furaha: foleni kuhama. Makutano yakiweza kupitisha magari mengi zaidi kwa saa, magari hayo yote hufika kwenye makutano yanayofuata, ambayo hayakuongezewa kitu. Anayepita juu TAZARA anaweza kusimama mbele. Kwa hiyo swali la mkazi wa Buguruni kuhusu mradi wa jirani yake ni swali lake pia, na mkutano unaofanyika kwenye kata moja tu umewaacha nje watu ambao foleni itawafikia. Mabasi ya mwendokasi yalipaswa kuwa jibu la kudumu hapa, kwa sababu basi moja lililojaa huondoa barabarani magari mengi. Kila shilingi ya barabara ya juu inapaswa kuulizwa swali hili kwanza: inampitisha nani haraka, basi au gari la mtu mmoja?

Majirani zetu wa Nairobi waliwahi kuona mchoro ukipinda. Barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo magari yalianza kuitumia mwaka 2022, ilipokuwa inajengwa ilikutana na mti wa mugumo wa miaka zaidi ya 100 pembeni ya Waiyaki Way. Mti ulikuwa ukatwe au uhamishwe. Watu wakaandamana, wakaeleza maana ya mugumo kwa jamii, na Novemba 2020 agizo la Rais likaunusuru. Barabara ikajengwa, mti ukabaki umesimama. Kumbe mstari uliokwisha chorwa huweza kusogezwa na daraja lisianguke. Natamani tu wauza miche na wachuuzi wa kandokando ya barabara za namna hiyo nao wangekuwa na sauti ya kiwango hicho, kwa maana mugumo ulipata bahati ya kupigwa picha.

Kinachohitajika hakina gharama ya kutisha. Wahesabuji wa magari wakikaa kwenye kona, wakae na wahesabuji wa watu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri wakati wa samaki na mboga mpaka saa tatu usiku wakati wa kurudi. Michoro miwili au mitatu ya awali ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa na kwenye kituo cha daladala, kwa Kiswahili, ikiwa na majina ambayo watu wanayatumia: pale kwa Mangi, penye mwembe, mbele ya msikiti. Mikutano iwe zaidi ya mmoja na mmojawapo uwe wa jioni, kwa kuwa mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwakusanya wazee na wenye nyumba, huku mama lishe akiwa kwenye sufuria na dereva akiwa kwenye usukani. Wapangaji waitwe kama wapangaji. Walio chini ya mtaro waitwe, hata kama hawana X. Na mkutano wa mwisho urudi na majibu kwa kila swali lililoulizwa mwanzo, lililokubaliwa na lililokataliwa, pamoja na sababu.

Kwa wale ambao makutano yao yanatajwa sasa, msisubiri kopo la rangi. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Ombeni muhtasari huo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma kwa maandishi, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua moja kutoka serikali ya mtaa, yenye muhuri wa mwenyekiti, nakala kwa diwani, inatosha kuanzia. Iulize mambo manne: mchoro umefikia hatua gani, mpaka wake ni mita ngapi kutoka katikati ya barabara, maji yataelekezwa wapi, na mtu wa miguu atavukia wapi kwa usawa wa lami. Ipelekeni kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu baada ya hapo kila badiliko lina bei ya mkandarasi.